Jicho na Sikio: Namna ya Kufundisha Kusoma na Kusikiliza Kiingereza Kidato cha Kwanza

Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza katika shule nyingi za Tanzania anatoka katika miaka saba ya kusomeshwa kwa Kiswahili. Kusoma anajua. Mpe gazeti la Kiswahili atalisoma bila kukwama. Kinachomwangusha ni kwamba Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, naye anakichukulia Kiingereza hivyo hivyo. Herufi "a" kwake ina sauti moja, lakini katika "cat", "cake", "car", "call", "many" na "about" ina sauti sita tofauti. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo ishirini, na zote hizo zinaandikwa kwa herufi chache zile zile.

Matokeo yake ni kwamba mtoto anajijengea Kiingereza cha aina mbili, cha daftarini na cha masikioni, na hivi viwili havijuani. Analijua neno akiliona, akilisikia linampita. Ndiyo maana mwongozo huu hautenganishi kusoma na kusikiliza. Matini moja fupi itumike kwa yote mawili, ndani ya wiki moja.

Kuchagua matini

Hesabu maneno kabla ya kitu kingine chochote. Chukua kifungu cha maneno 100, wape wanafunzi watano wa uwezo wa kati wapigie mstari maneno wasiyoyajua. Yakiwa mawili au pungufu, matini hiyo mwanafunzi anaweza kuisoma peke yake. Yakiwa matatu hadi matano, inafaa darasani ukiwepo wewe. Yakizidi matano, iache hata kama iko kwenye kitabu cha kiada, au ifupishe na kubadilisha maneno. Matini nzito kupita kiasi haimfundishi mtoto kusoma, inamfundisha kukisia na kunakili.

Kwa miezi mitatu ya kwanza, maneno 50 hadi 150 yanatosha. Mada iwe ya maisha anayoyajua, kwa sababu akili haiwezi kupambana na lugha mpya na mambo mapya kwa wakati mmoja. Mfano tutakaoutumia hapa una maneno 50:

"Neema sells fried fish near the bus stand in Mwanza. Every morning she buys thirteen fish from the lake. Today the boat was late, so she got only seven. At noon two customers asked for fish, but there was none left. She told them to come back tomorrow before eight."

Inaonekana nyepesi, lakini ina mitego ambayo msemaji wa Kiswahili hunaswa nayo karibu kila mara. "Stand" atalitafsiri "simama". "Left" atasema ni kushoto, au "aliondoka". "Thirteen" akilisikia ataandika 30. "She" na "he" kwake yote ni "yeye", hivyo atachanganya nani alimwambia nani. Na "before eight" ataiandika kabla ya saa nane, wakati ni kabla ya saa mbili. Mwalimu anayeandaa somo aisome matini kwa jicho la namna hii na kuandika mitego yote pembeni mwa andalio la somo. Mitego ndiyo somo lenyewe.

Kipindi cha kusoma: dakika 40

Dakika 5 za mwanzo ni za kufungua mada. Uliza swali moja au mawili, kwa Kiswahili ikibidi: muuza samaki hununua wapi, saa ngapi, na wakiisha inakuwaje? Usisimulie kilichomo kwenye matini. Ukishakisimulia, hakuna tena sababu ya kusoma.

Dakika 5 zinazofuata ni za maneno. Chagua maneno matano hadi saba tu, yale ambayo bila hayo matini haieleweki. Kwenye mfano wetu ni "fried", "bus stand", "customers", "none left" na "noon". Zingatia kwamba "bus stand" na "none left" yanafundishwa yakiwa pamoja. Ukimfundisha "left" peke yake umemrudisha kwenye kushoto. Kila neno litamke mara tatu, darasa lirudie, ndipo uliandike ubaoni. Sauti itangulie herufi. Mwanafunzi akiliona kwanza "customers", atalitamka kwa mkazo wa Kiswahili, kas-TO-ma, na akishalizoea hivyo hatalitambua likitamkwa kwa mkazo wa mwanzo, KAS-ta-maz.

Kisha dakika 6 za kusoma kimya. Kimya kabisa, midomo isicheze. Kabla hawajaanza, andika ubaoni swali moja la jumla: kwa nini wateja wawili waliondoka mikono mitupu? Msomaji bila swali anatembea juu ya maneno kama mtu anayevuka daraja usiku.

Hapa lazima tuseme jambo kuhusu ule utaratibu wa kumsimamisha mwanafunzi mmoja mmoja asome kwa sauti huku wenzake wakifuatilia. Uachwe, angalau kama njia ya kufundisha ufahamu. Katika darasa la watu 80, mmoja anasoma na 79 wanangoja zamu au wanaiogopa. Yule anayesoma nguvu zake zote zinakwenda kwenye matamshi. Muulize baadaye alichokisoma, hawezi kueleza. Na wenzake wanasikia matamshi yenye makosa dakika nzima. Kusoma kwa sauti kuna nafasi yake, nayo ni mwishoni, wakati maana imekwisha kueleweka.

Dakika 10 ni za maswali, wawili wawili. Kama vitabu ni vichache, andika matini kwenye karatasi ya manila kwa herufi za urefu wa sentimita 3 au zaidi, kisha nenda dawati la mwisho uhakikishe inasomeka. Manila moja ukiitunza itatumika miaka.

Maswali ndiyo sehemu inayoharibika kuliko zote. Soma sentensi hii: "The tambo drazed a mipple." Sasa jibu: "What did the tambo draze?" Umejibu "a mipple", na umepata alama, ilhali maneno hayo hayana maana yoyote katika Kiingereza. Maswali mengi ya ufahamu yako hivyo. "What does Neema sell?" linajibiwa kwa kunakili. Liwepo moja kama hilo la kuwatia moyo walio nyuma, lakini mengine yawe ya aina ambazo haziwezi kunakiliwa:

Swali la kukokotoa: samaki wamepungua wangapi kuliko kawaida? Sita, na namba hiyo haimo kwenye matini.

Swali la kiwakilishi: "them" katika sentensi ya mwisho ni akina nani?

Swali la sababu iliyofichika: kuchelewa kwa boti kumehusianaje na wateja wa mchana?

Swali la kusoma kati ya mistari: "before eight" ni asubuhi au jioni, na umejuaje? Matini haisemi. Mwanafunzi lazima ajenge hoja: samaki hununuliwa asubuhi, na leo kufika mchana wamekwisha, kwa hiyo anawaambia wawahi asubuhi. Swali hili moja linapima zaidi ya mengine yote kwa pamoja.

Ruhusu majibu ya Kiswahili katika muhula wa kwanza. Tunajua shule nyingi zina kibao cha "English only" mlangoni, na nia yake ni njema. Lakini unapopima ufahamu, unataka kujua kama mtoto ameelewa. Ukimlazimisha kujibu kwa Kiingereza unapima mambo mawili kwa mara moja, na akinyamaza hujui kama hakuelewa au amekosa maneno ya kusema. Akishajibu kwa Kiswahili sahihi, msaidie kuligeuza jibu lake kwa Kiingereza. Kazi hiyo ni rahisi kwa kuwa maana anayo tayari.

Dakika 8 za kusahihisha kwa pamoja: kila jibu lazima liambatane na swali "umelipata mstari gani?" Dakika 6 za mwisho, soma wewe kwa sauti, nao wafuate kwa macho. Kisha wasome pamoja nawe kifungu kwa kifungu: "Every morning / she buys thirteen fish / from the lake." Hapo jicho na sikio vinakutana.

Kupima mwendo

Mara moja kila wiki mbili pima kasi. Matini ya maneno 150, isiyo na neno jipya hata moja. Wanapoanza kusoma, andika ubaoni muda kila baada ya sekunde 10: 1:00, 1:10, 1:20. Anayemaliza anainua macho, anaandika namba anayoiona. Zidisha maneno kwa 60, gawa kwa sekunde. Aliyetumia 2:30 ana maneno 60 kwa dakika. Aliyetumia 1:40 ana 90. Kisha maswali manne bila kutazama matini. Asiyepata matatu, mwendo wake hauhesabiwi.

Anayesoma chini ya maneno 60 mara nyingi ana moja ya tabia tatu: anafuata kila neno kwa kidole, ananong'ona, au anatafsiri neno kwa neno na kuandika Kiswahili juu ya mstari. Hiyo ya tatu ndiyo mbaya zaidi, maana inavunja sentensi. Dawa ni kumpa matini ile ile aisome mara tatu kwa siku tatu, akiandika muda wake kila siku. Mara ya tatu huwa anasoma kwa vifungu bila kuambiwa.

Kipindi cha kusikiliza

Hiki ndicho kinachoachwa mara nyingi, kwa madai kwamba hakuna vifaa. Kifaa cha kwanza ni sauti ya mwalimu. Cha pili ni simu na spika ndogo ya bluetooth. Ichaji usiku wa kuamkia kipindi. Hifadhi sauti ndani ya simu, usitegemee bando. Zima mtandao ili simu isiite katikati. Weka spika katikati ya darasa juu ya dawati, si mbele kwenye meza ya mwalimu, kisha simama kona ya nyuma usikilize mwenyewe kabla wanafunzi hawajaingia. Mvua ikianza kupiga bati, ahirisha. Uwe na kazi ya kusoma mfukoni kwa siku kama hiyo.

Kurekodi si kazi ngumu. Mwombe mwalimu mwenzako asome, simu ikiwa umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, chumba chenye mapazia au magodoro ili sauti isirudi. Sekunde 30 hadi 90 zinatosha. Kuhusu mwendo, kuna mfano mzuri wa zamani. Tarehe 19 Oktoba 1959 Sauti ya Amerika ilianzisha matangazo ya Kiingereza maalumu kwa wanaojifunza: msamiati wa maneno 1,500 hivi, sentensi fupi zenye wazo moja, na kasi ya kama theluthi mbili ya kawaida. Kanuni hizo tatu zitumie unapoandaa sauti zako. Lakini punguza kasi kwa kuongeza kituo kati ya kifungu na kifungu, usivute maneno yenyewe. Ukisema "th-i-r-t-e-e-n" kwa kuburuza, unamfundisha sauti ambayo hataisikia popote nje ya darasa lako.

Hatua ya kwanza ni kutoa kazi kabla ya kucheza sauti. Swali likitolewa baada ya kusikiliza, unapima kumbukumbu.

Sauti ichezwe mara tatu. Ya kwanza kwa swali moja la jumla. Ya pili kwa mambo madogo: namba, saa, nani. Kati ya hizo mbili, wape dakika moja walinganishe na jirani. Ya tatu wakiwa na matini mbele yao. Mara ya nne haina faida, wamechoka. Na matini isionekane kabla ya mara ya tatu, la sivyo wanasoma na kuacha kusikiliza.

Sasa sehemu muhimu kuliko zote, ambayo kwa kawaida hurukwa. Majibu yakishatolewa, tafuta chanzo cha kila kosa. Mwambie kila mmoja apigie mstari kwenye matini mahali alipopotea, kisha aandike pembeni A, B au C.

A ni "neno silijui kabisa." Hilo ni tatizo la msamiati, lifundishe.

B ni "neno nalijua, ila sikujua linatamkwa hivyo." Hapa utayakuta "Wednesday" linalosikika kama "wenzdei", "vegetable" linalosikika "vejtabo", na jamii ya "though", "through", "tough" na "cough", ambazo kwa masikio yetu ni "dho", "thruu", "taf" na "kof". Dawa ni kulisikia mara nyingi huku analitazama. Maneno ya B yawe na ukurasa wake nyuma ya daftari.

C ni "nalijua na natambua matamshi yake, lakini lilimezwa na jirani zake." Hapa ndipo Kiswahili kinapotuponza. Katika Kiswahili kila silabi hupewa haki yake, na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hupiga silabi chache kwa nguvu na kuzimeza nyingine. "Asked" kwa msemaji wa haraka husikika kama "aast". "Was" hubaki "wz". "Cup of tea" inakuwa kama "kapati", na mtoto anafikiria chapati. Dawa: andika sentensi ubaoni, pigia duara maneno yanayobeba nguvu, darasa lipige meza kwa hayo tu: TOLD, COME BACK, toMOrrow, EIGHT. Yaliyobaki yapite haraka katikati. Dakika 3 kila kipindi.

Ukihesabu A, B na C za darasa zima utajua nini cha kufundisha wiki ijayo. Katika madarasa yetu B na C huwa nyingi kuliko wanavyodhani walimu wanaomwaga msamiati kila siku.

Zoezi la sauti pacha

Andika ubaoni namba 1 "live", namba 2 "leave". Wanafunzi wafumbe macho wasiigane. Sema moja, wao wanyooshe kidole kimoja au viwili. Mara 10, dakika 3, jozi moja kwa siku. Jozi zinazotusumbua: "ship" na "sheep", "full" na "fool", "hat" na "hut", "walk" na "work", "fast" na "first". Kwa wanafunzi ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi r na l, ongeza "rice" na "lice". Kwa namba, "thirteen" na "thirty", "fifteen" na "fifty": waelekeze kwamba mkazo wa "thirty" uko mwanzo, na "thirteen" ikisimama peke yake huelemea mwisho.

Usiogope kila kitu, maana Kiswahili kimetupa zawadi pia. Sauti za "think" na "this" tunazo katika "thamani" na "dhahabu". Tofauti ya "finger" na "singer" ni ile ile ya "ng" katika ngoma na "ng'" katika ng'ombe. Mwambie mwanafunzi hivyo, ataipata papo hapo.

Kama mwenyewe huzitenganishi sauti za jozi fulani, tumia sauti za kamusi ya simu. Usizifundishe kwa mdomo wako. Darasa litachanganyikiwa likidhani kosa ni la masikio yao.

Imla ya kujenga upya

Mara moja kwa wiki. Soma matini ya maneno 50 hadi 60 kwa kasi ya kawaida, kalamu zikiwa chini. Soma mara ya pili, waandike maneno makuu tu. Kisha makundi ya watu wanne yaijenge upya kwa dakika 12, maana ile ile, sarufi sahihi, si lazima maneno yale yale. Makundi mawili yaandike ubaoni, darasa lilinganishe na matini halisi. Ukiona "she buy thirty fish" umepata makosa mawili kwa mpigo: "s" ya mwisho haikusikika, na namba imepotea. Ukisoma polepole neno kwa neno kama imla ya kawaida, zoezi linakufa, kwa kuwa wataandika sauti bila kutafuta maana.

Mitego miwili ya kukagua ufahamu

Wa saa umekwisha kuuona. Fanya zoezi la dakika 2 kila wiki: sema "seven thirty", waandike saa moja na nusu, sema "noon", waandike saa sita mchana.

Wa pili humnasa mwalimu mwenyewe. Unauliza "Don't you understand?" na darasa linajibu "Yes!" Wao wanajibu kwa mantiki ya Kiswahili: ndiyo, hatuelewi. Wewe unasikia kwamba wameelewa, unaendelea. Acha swali hilo kabisa. Uliza swali linalodai jibu lenye kitu ndani yake: boti ilipochelewa, Neema alipata samaki wangapi?

Kusoma nje ya kipindi

Sanduku la vitabu vyembamba 40, mwanafunzi mmoja wa kuandikisha, dakika 15 kila siku. Tovuti ya African Storybook inatoa bure hadithi fupi zenye picha, nyingi zikiwa na matoleo ya Kiswahili na Kiingereza ya hadithi ile ile. Zichape, mkunjo katikati, pini mbili. Anayeanza asome kwanza la Kiswahili, kesho yake la Kiingereza. Usimpe maswali ya mtihani. Mistari miwili inatosha: nani alitaka nini, na alikipata?

Wale wachache ambao bado hawasomi hata Kiswahili vizuri, na huwa wapo, usiwaanzishe na lolote kati ya haya. Wapime wiki ya kwanza kwa aya moja ya Kiswahili ya maneno 60. Anayekwama hapo anahitaji kwanza silabi na maneno ya Kiswahili, dakika 20 kila siku kwa muda wa muhula, huku kwenye vipindi vya Kiingereza akishiriki kwa masikio tu: sauti pacha, kupiga mkazo, na kusikiliza.